Kitambaa cha Kijani Juu ya Kompyuta Yako

Zaituni mwanangu,

Salamu sikuandikii, kwa sababu shikamoo yako ya asubuhi nimeipokea na uji tumekunywa pamoja. Umekwenda Kinampanda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia urudi mpaka ule mara mbili, kwa hiyo muda ninao. Nimefunga mlango wa uani upepo usinipeperushie karatasi. Nimekaa kwenye kiti chako, kwenye meza yako, mbele ya kompyuta yako. Imezimwa, wala sijaigusa, tulia.

Sitakuandikia habari za kubeba sweta, wala za kula kwa wakati, wala za watu gani wa kufuatana nao huko chuoni Dodoma. Hayo umeyasikia hadi unaweza kuyasema kabla sijafungua mdomo, tena kwa sauti yangu. Juzi nilikusikia jikoni ukiniigiza peke yako, umeshika kiuno, unasema "na usiku usitembee-tembee," nikacheka nyuma ya mlango mpaka machozi yakanitoka.

Nina jambo moja tu, na limenikaa kooni zaidi ya mwaka. Ni la ile siku kompyuta ilipozima mbele ya baba yako, na la wale kuku wako wa safari. Kuna kitu hukuambiwa na mimi, na nisingependa upande basi kesho kabla sijakisema. Lakini nikianza nacho moja kwa moja, utaona ubaya wangu kabla hujasikia ninavyokuona wewe. Basi nipe nafasi nianze na mazuri, mama yako nina haki hiyo.

Unakumbuka ile mashine ilivyofika hapa Mwankoko? Lile duka la steshenari la mjini lilikuwa linafungwa, ukawasaidia kufungasha makabrasha yao wiki nzima, wakakupa kompyuta ya ofisi iliyokuwa imekaa chini ya meza miaka mingi. Ulikuja nayo kwenye bodaboda umeikumbatia. Baba yako alikuwa amerudi kutoka safari, lori kaliegesha barabarani, akaitazama akasema hilo ni sanduku zuri la kuwekea misumari. Mama wa nyumba ya pili akaniuliza pembeni kama ni kweli tumeingiza dubwi ndani, maana kwake yeye gemu ni zile mashine za stendi zinazomeza sarafu za vijana. Niliona haya, nikamwambia ni ya kuchapia barua. Hilo nalo nisamehe, ni dogo.

Ikiwashwa, mtu aliweza kuteka maji, kurudi, na bado ikawa inajifikiria. Kila kijana aliyekuja hapa alikuwa na ushauri mmoja: nunua kadi ya picha, kadi kubwa, gemu zote zitacheza. Walikuwa wanasema kwa uhakika hata mimi nikaanza kuitamani hiyo kadi, na wala sikujua inafananaje. Wewe ulisikiliza, ukawapa karanga, walipoondoka ukaniambia, "Mama, hawa wananunua kabla ya kuuliza. Kwanza tujue ndani humu nani anamsubirisha mwenzake."

Nimekaa na watu wazima wengi, mwanangu, na baadhi yao wana vyeo. Sijamsikia hata mmoja akianza jambo lake kwa swali kama hilo.

Hukununua kitu. Uliibeba hadi uani, ukaifungua, ukaipuliza kwa pampu ya baiskeli, likatoka vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha. Ndipo ukasema anayesubirisha wenzake ni diski, ile ya zamani inayozunguka, kila mtu ndani anakaa akiingojea izunguke. Ukaanza na hiyo. Siku ulipoweka ile mpya isiyozunguka, mashine iliwaka kabla sijamaliza kufunika chupa ya chai, na wewe ukapiga kigelegele peke yako kama bi harusi aliyekosa wapambe. Baadaye ukaongeza ramu, ile kumbukumbu ya mashine, ukasema heri vipande viwili vinavyolingana kuliko kimoja kikubwa, kwa kuwa vinagawana kazi. Mimi nilikuwa naitikia tu "eeh, eeh," nusu siifahamu, lakini nilikuwa nakutazama.

Halafu lile jaribio lako la gemu ya malori. Lori likiwa porini linakwenda vizuri, likifika mjini picha inakatika-katika. Ukaniita nione. Ukaanza kuipunguza picha ubora, kidogo kidogo, hadi miti ikawa kama mlenda uliomwagika, na nyumba zote hazina madirisha.

"Umeona, mama? Sasa linakwenda."

"Linakwenda," nikasema, "lakini limekuwa baya."

"Ndiyo ninachotaka. Picha imekuwa mbaya, kasi imepanda. Basi mzigo uko kwenye picha. Kama ningeiharibu hivi na bado lori likatambaa, ningejua anayelemewa ni mwingine."

"Haya, kanunue hiyo kadi wanayoisema."

"Bado. Hii pawasaplai inayogawa umeme humu ni ya ofisi, nguvu yake ndogo. Nikiiwekea kadi leo itaishiwa pumzi. Naanza na pawasaplai, kadi itakuja nyuma."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kile ambacho kila mtu alikuambia uanze nacho, wewe ulimalizia nacho. Ulisubiri miezi, kuku wako wakataga, wakatotoa, ukapata pawasaplai iliyotumika kwa fundi mjini, kisha kadi. Hukulia hata siku moja kwamba wenzako wanacheza na wewe unangoja. Niliona subira ile nikajiuliza umeitoa wapi, maana mimi sinayo na baba yako ndiyo kabisa.

Mimi ningeanza na kadi. Ningeanza na kadi na taa za rangi. Unajua habari za mgahawa wangu wa Shelui, lakini nilikuwa nakusimulia vipande vya kuchekesha tu. Nilipofungua pale kwenye maegesho ya malori nilikuwa na jiko moja la mkaa na sufuria moja ya ugali. Nilipopata senti, nikanunua sahani za maua. Nikanunua viti vyekundu vya plastiki. Madereva walikaa kwenye viti vile wakazitazama sahani zangu, tumbo linawauma, magari yanapigiwa honi, wakanyanyuka wakaenda kwa jirani aliyekuwa anawalisha kwenye mabakuli yaliyobonyea lakini ana majiko matatu. Mimi nikasema, ah, hawajavutiwa vya kutosha. Nikakaa nikawafumia vitambaa vya meza! Aliyebaki kula kwangu ni baba yako peke yake, akipita na lori, na yeye alikula kwa uvumilivu wa ndoa.

Siku nilipokusimulia vizuri, ulikuwa unafunga skrubu za kompyuta, hukuinua kichwa. Uliuliza, "Mteja alikuwa anasubiri nini, mama?"

"Ugali."

"Na wewe ukanunua nini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole: sahani, viti, vitambaa. Ndipo ukainua kichwa, tukacheka wote wawili. Nilifunga mgahawa nikiwa naamini nilirogwa, nikaishi na imani hiyo miaka. Mwanangu akanionyesha kwa maswali mawili kwamba lilikuwa ni jiko. Nilikuheshimu siku ile, Zaituni, kama ninavyomheshimu mtu mzima.

Sasa nakuja kwenye kitambaa.

Unaijua nyumba yetu. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, friji, makochi, hata ndoo ya maji ya kunywa ina cha kwake chenye shanga. Ndivyo nilivyolelewa. Kitu cha thamani kikikaa wazi naona kama mtu aliyetoka nje bila kujifunga kanga, na upepo wetu huu wa Singida haumsitiri mtu. Nilipoona umeihangaikia ile mashine mpaka imekuwa kitu, nikasema na mimi nina mchango. Nikachukua ule uzi wa sufu wa kijani, mnene, wenye manyoya, nikafuma wiki tatu, nikatia na bitana ndani. Kilishuka hadi chini pande zote. Ukakipokea kwa mikono miwili, ukakivisha, ukarudi nyuma kukitazama, ukasema kimependeza. Halafu ukasema, "Ila mama, uifunike ikiwa imezimwa tu. Ikiwa inawaka inapumua kwa huku nyuma na huku juu."

Nikasema sawa.

Nilikuwa nimesema sawa kweli. Lakini ulipofika ule msimu wa upepo, na wewe ukawa unaiacha mchana kutwa ikiwaka, inapika, kama ulivyoita mwenyewe, zile picha za barabara ya gemu yako, nikawa naingia humu naona vumbi linaingia dirishani na ile feni inalivuta kwa pupa. Nikaona hii mashine inajazwa mchanga mbele ya macho yangu na mwenyewe yuko sokoni na mayai. Nikaifunika. Siku ya kwanza nilijiambia ni kidogo tu upepo utulie. Siku ya pili sikujiambia kitu. Ikawa desturi: ukitoka naifunika, ukikaribia kurudi naifunua. Na siku nyingine nikija kuifunua nakuta imejizima yenyewe, basi nakiacha kitambaa palepale, kwa kuwa si ulisema ikiwa imezimwa ruksa?

Kazi yako ilikuwa inapotea kila ikizima. Ulikuwa unaijenga barabara ya Singida kwenda Nzega ndani ya ile gemu, kona kwa kona, umkalishe baba yako aendeshe nyumbani kwake. Uliniuliza rangi ya mawe ya mlima Sekenke. Ulimpigia baba yako simu kumuuliza anaingia na gia gani kwenye ile kona ya juu, akadhani unamtania. Ukawa unaikuta mashine kimya, barabara imefutika, unaanza upya, na hukutukana hata kompyuta.

Kisha ukaanza kuuliza, kwa namna yako ile ya kitu kimoja kimoja. Ukabadilisha soketi ya ukutani. Ukaazima waya. Ukatoa ramu moja, ukarudisha, ukatoa nyingine. Na siku moja ukaja jikoni, nilikuwa nachambua mchele, ukachutama karibu yangu.

"Mama, nikuulize. Hivi unapoifunika, inakuwa inawaka?"

Ulikuwa na uso wa kuuliza tu, hapakuwa na lawama. Ningesema ndiyo, ungenicheka, yangeisha. Lakini niliona aibu, mwanangu. Niliona aibu ya mtu aliyeambiwa kitu kimoja rahisi akashindwa kukishika. Nikasema, "Hapana. Naikuta imeshajizima ndio naifunika."

"Sawa," ukasema. "Basi joto tuliweke kando."

Ukaliweka kando. Ulinyoosha kidole kimoja hewani kama unafuta kitu ubaoni, ukasimama ukaenda. Uliniamini palepale, na hapo tu ndipo ulipokosea. Ukishaondoa joto, kilichobaki ni pawasaplai, ile iliyotumika. Mtu yeyote mwenye akili angefika hapohapo. Ukauza kuku uliowatenga kwa safari ya chuo, ukanunua pawasaplai mpya kabisa.

Siku mbili tatu mashine ikawa nzima, upepo ulikuwa umetulia na mimi sikufunika. Ukafurahi. Baba yako akarudi. Ukaandaa kila kitu, barabara yote ikawa imekamilika, asubuhi ukaiacha inamalizia kupika picha za mwisho, ukatoka kwenda kumwita kule alikokuwa anabadilisha tairi. Upepo ukaanza. Na mimi, sijui hata niseme nini, nikaifunika.

Nilisikia sauti zenu mlangoni nikakivuta kitambaa haraka nikakificha nyuma yangu. Baba yako akakaa kwenye kiti hiki. Ukamwekea mikono yake kwenye mabatani ya kuendeshea. Lori likaondoka stendi ya Singida, na nilimwona baba yako, mtu asiyecheka na mashine, akianza kutabasamu. Akaitambua Sekenke kabla hujamwambia. Akasema, "Wewe! Hii si ile kona ya kulia?" Akainama mbele kama yuko ndani ya kabini ya lori kweli. Mlimani katikati, kioo kikawa cheusi.

Kitambaa nilichokuwa nimekishika mgongoni kilikuwa cha moto kama tambara la kuipulia sufuria. Hapo ndipo nilipojua. Nilijua kabla yenu wote.

Baba yako akauliza, "Si ulisema umeitengeneza?" Ukasema ulibadilisha pawasaplai. Akauliza umeinunua kwa fedha gani, ukamwambia za kuku. Unakumbuka alichosema, sina haja ya kukirudia chote. "Mtu hajui kilichoharibika kwenye mashine yake mwenyewe, za watu atazitengenezaje?" Na kwamba mwaka ule hakuna chuo, ukae nyumbani upate akili. Ukatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako na jibu lote liko mikononi mwangu, nikageuka nikaenda jikoni.

Nimejaribu mwaka mzima kujiambia kwamba ilikuwa aibu tu. Haikuwa aibu tu, Zaituni. Nikiwa pale jikoni nilisikia kitu kama unafuu. Nikajisemea, basi, haendi. Atakuwepo. Baba yako ni mtu wa barabara, nyumba hii ni mimi na wewe, na nilikuwa nimeanza kuzihesabu siku zako bila kukwambia. Kunyamaza kwangu kulikuweka hapa. Nilikula ugali na wewe mwaka mzima, tukacheka, ukanifundisha kutuma picha kwenye simu, na kila siku ya mwaka huo niliipata kwa kukunyang'anya. Hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kusema, kwa kuwa sijui kama ningeweza kulitamka nikikutazama.

Na wewe unajua habari ya kitambaa. Najua kwamba unajua.

Wiki ileile uliifungua mashine uani, safari hii ukaing'oa mpaka ile feni ya juu ya ubongo wake. Nilikuwa naanika mahindi. Nilikuona unachokoa kwa kijiti cha kiberiti, unavuta, kikatoka kitu kama kipande cha blanketi, kimeshonana kwenye yale mapezi membamba ya kupozea. Kilikuwa cha kijani. Ulikiweka kiganjani ukakitazama kwa muda mrefu. Kisha ukakifunga kwenye gazeti ukaenda kukitupa chooni, mbali, badala ya pipa la karibu yangu. Ukarudi ukasema, "Mama, imepona."

Nikakuuliza, "Ilikuwa nini?"

"Vumbi tu."

Ulikuwa na kila kitu cha kunishtaki. Ulikuwa umepoteza kuku, umepoteza mwaka, umepoteza heshima ya baba yako, na ushahidi umeushika kwenye kiganja. Ukasema vumbi tu, ukaniuliza kama nataka msaada kwenye mahindi. Sijawahi kuona mtu mwenye moyo kama wako. Nasema hivi si kwa sababu nimekuzaa. Nimewatafuta watu wa namna yako kwa ndugu zangu wote na kwa wakwe zangu, sijampata.

Siku chache baadaye ukaniomba nikufumie kitambaa kingine, cha uzi mwembamba, chenye matundu makubwa, kifupi kisifike nyuma. Ulisema kile cha kijani ni kizuri sana, kinafaa kwenye kochi. Nikafuma, na kila tundu nilijua ninaambiwa nini.

Halafu huo mwaka wenyewe. Baba yako alikusudia ukae upate akili, wewe ukakaa ukatengeneza kompyuta ya mwalimu mkuu, ya yule mama wa duka la dawa, na zile mbili za vijana waliokuambia ununue kadi. Nilikuwa nasikia unavyowauliza wateja wako. Zamani uliuliza mara moja. Siku hizi unauliza, wanajibu, unawatazama kidogo, kisha unasema taratibu, "Hata kama ulikosea kidogo hunikwazi, niambie tu ilivyokuwa." Kila nikisikia hivyo najua umejifunzia kwangu. Wewe unawarahisishia watu kusema kile ambacho mimi sikuweza kusema. Wanakwambia kweli, wamemwagia chai, mtoto ameingiza sarafu, na unacheka nao, mashine inapona.

Sasa baba yako amekuruhusu, lakini kwa sharti lile: kompyuta ibaki, uende na daftari, upange foleni kwenye za chuo, kwa sababu, anasema yeye, wewe ukiwa na mashine unaitupia mali bila kujua inachohitaji. Ulikubali. Jana nilikuona unaifuta vumbi na kuiaga bila maneno, na hapo nikajua siwezi kukaa kimya tena. Kama ungepiga kelele labda ningeendelea kunyamaza. Ndivyo mimi nilivyo mwoga.

Leo, gari lako la Kinampanda lilipoondoka tu, nilimfuata baba yako uani alikokuwa anapiga viatu rangi. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote, hadi ule unafuu wa jikoni.

Aliiweka brashi chini. Akauliza, "Na mtoto anajua?"

"La kitambaa anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ileile."

"Na akaniacha niseme yote yale."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliingia humu chumbani na kiatu kimoja mguuni, akasimama mbele ya mashine mikono nyuma. Kisha akasema inakwenda Dodoma, ataifunga yeye mwenyewe kwenye godoro lake la lori, na kwamba anataka kuiongezea kitu kimoja kabla haijaondoka. Akaniuliza ni kipi kinachotakiwa kwanza. Nikamwambia mimi ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuulizwa swali hilo, amuulize fundi wa nyumba hii.

Akanitazama. Miaka yote niliyokaa naye sijawahi kumwona dereva yule akiogopa barabara. Akasema, "Nitamuulizaje, baada ya yale niliyomwambia?"

Barua hii sitaitia kwenye begi lako. Sitaki uisome ndani ya basi, umefika mbali huko, huwezi kunijibu. Nitakupa mkononi ukiingia, uisome hapahapa nikiwa nimekaa kitandani kwako. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza, safari hii usinyamaze kwa ajili yangu.

Na baba yako nimemwambia asubiri nje ya mlango mpaka ufike mstari huu. Yupo hapo. Ana swali moja. Majina ya vifaa hayajui, kwa hiyo mjibu polepole.

Mama yako.